Ijumaa za Mutheu

Nilimfundisha Mutheu fizikia kwa miaka minne, na ni mimi niliyempa ufunguo wa maabara. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nasimulia habari za mtu niliyemwona kwa mbali.

Alikuja shuleni kwetu Kitengela mwaka wa 2009, msichana mwembamba mwenye sweta lililokuwa limemzidi mikono. Baba yake, dereva wa lori la simiti, alikuwa amekufa barabarani miaka miwili kabla. Mama yake, Mbithe, aliuza mitumba sokoni. Mutheu hakuwa na ndugu. Darasani alinyamaza karibu muhula mzima, na siku aliyofungua mdomo aliniuliza jiwe likirushwa juu husimama kwa muda gani kabla ya kuanza kurudi. Nikamwambia halisimami hata kidogo, ni kugeuka tu. Hakukubali. Wiki nzima alinifuata na swali hilo hilo hadi ofisini.

Aliyeketi karibu naye alikuwa Gakuru, mwana wa mzee Njuguna mwenye hadwea, duka la vifaa vya ujenzi, kando ya barabara ya Namanga. Nyuma yao aliketi Parmuat, kijana wa Kimaasai aliyekuja kwa baiskeli kutoka Kisaju. Wazo la kutengeneza roketi lilikuwa la Gakuru, baada ya kuona video kwenye simu ya binamu yake. Paipu zilitoka dukani kwa baba yake. Fueli waliipika kwa sukari na kemikali za maabara. Uwanja wa kurushia ulikuwa malisho ya kina Parmuat, ambayo wakati huo hayakuwa na ua hata mmoja. Hesabu zote zilikuwa za Mutheu.

Roketi ya kwanza ilipasuka ikiwa ardhini. Ya pili ililala ubavu na kukimbia nyasini kama ngiri, ikapita katikati ya mbuzi wa nyanya yake Parmuat. Nilikuwepo. Tulimwendea yule mama mzee kumwomba radhi. "Takwenya," nikamsalimu. "Iko," akaitikia, kisha akawaangalia wale watoto mmoja mmoja. "Hiyo kitu yenu ikiua mbuzi," akasema, "mwenye ameiwasha ndiye atachunga zile zimebaki."

Ya tatu, mwezi wa nne mwaka wa 2012, ilipanda. Sina namna nyingine ya kuieleza. Ilitoa mlio kama kitambaa kinachopasuliwa, ikawa nukta, kisha kile kitambaa cha mwavuli walichokishona kikafunguka juu kabisa. Mutheu hakuitazama kwa furaha kama sisi. Alikuwa amelala chali mbali kidogo, na kipimapembe kilichofungiwa uzi na nati, akisoma pembe. Alipekua kitabu cha logi akaandika kwenye daftari lake.

"Mita mia nne na kumi na mbili," akasema.

"Tuseme mia tano," Gakuru akamwambia.

"Ni mia nne na kumi na mbili."

Walirusha nyingine sita kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Mtihani ulipoisha walinirudishia ufunguo, wakahamishia vitu vyao kwenye stoo nyuma ya hadwea ya mzee Njuguna.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, nchi nzima ilikuwa na hofu ya mabomu, na uchaguzi ulikuwa mlangoni. Alasiri moja mpangaji wa ghorofa ya juu alisikia harufu ya sukari inayoungua, akaona moshi chini ya mlango wa stoo, akapiga simu. Gakuru alikuwa ameenda kupigwa picha za pasipoti, maana mjomba wake alikuwa amemtafutia nafasi ya chuo Poland. Parmuat alikuwa mnadani na ng'ombe wa baba yake. Polisi walimkuta Mutheu na sufuria, paipu, nyaya, betri na saa ya mezani iliyofunguliwa.

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Hii stoo ni ya nani?"

"Niliomba tu pahali pa kuweka vitu. Wenyewe hawajui naweka nini."

Niliwahi kumuuliza kwa nini alijibu vile. Alisema hakuwa amepanga. Alimfikiria Gakuru na ile pasipoti, akamfikiria Parmuat ambaye hata kitambulisho hakuwa nacho bado, na maneno yakatoka. "Nilidhani ni mambo ya jioni moja, Madam," akaniambia. "Nilidhani utakuja na ule ufunguo wako, ueleze, twende nyumbani."

Sikwenda. Niliandika barua ya kurasa mbili, nikaeleza roketi ni nini na kwamba mimi mwenyewe nilizisimamia. Mkuu wa shule aliisoma, akaikunja, akaniuliza kama nilikuwa tayari kueleza ni nani aliyewaruhusu wanafunzi kutoka na kemikali za shule. Nilikuwa na watoto wawili na kazi sikuwa nimethibitishwa. Nilirudi na ile barua nyumbani nikaiweka ndani ya Biblia, mahali ambapo nilijua nitaiona.

Mutheu alikaa rumande siku kumi na moja. Alishtakiwa kupatikana na vifaa vya kutengenezea vilipuzi. Mjomba wake alimdhamini, na hakimu akampa masharti mawili: aripoti kituoni kila Ijumaa, na asitoke kaunti ya Kajiado bila ruhusa hadi kesi iishe.

Anayeijua Kitengela anaelewa maana ya sharti hilo la pili. Mpaka uko karibu sana. Ukielekea Athi River, hata dakika kumi hazijaisha umeshatoka Kajiado. Watu wa mtaa wetu wanalala Kitengela na kufanya kila kitu kingine ng'ambo ya pili: kazi, hospitali kubwa, chuo. Matokeo ya mtihani yalipotoka, Mutheu alikuwa ameitwa kusomea uhandisi chuo kikuu huko Juja. Wakili aliyejitolea kumsaidia aliomba masharti yalegezwe. Hakimu akasema atalifikiria kesi ikianza kusikizwa. Chuo kikamhifadhia nafasi mwaka mmoja. Mwaka wa pili hakikumwandikia tena.

Na kesi haikusonga. Shahidi mmoja alihamishiwa kaskazini, mwingine akawa mgonjwa, wakili wa serikali akabadilishwa. Kwa miaka minne iliahirishwa mara kumi na tisa. Siku moja tu ndiyo ninayokumbuka ilifanyika jambo. Nilikuwa nimeketi nyuma kabisa, na leso kichwani kama mtu anayejificha. Wakili alikuwa ameomba tena masharti yalegezwe, na upande wa mashtaka ukatoa daftari la Mutheu kulipinga ombi hilo.

"Hapa umeandika masafa," kiongozi wa mashtaka akasema. "Masafa ya kufika wapi?"

"Juu."

"Juu ya nini?"

"Juu tu."

Watu wakacheka. Mutheu alisimama kizimbani akingoja wamalize.

Parmuat alihudhuria vikao vya kwanza. Alitaka kusimama aseme na yeye alikuwamo. Mutheu alimkataza pale nje, chini ya dirisha la karani. "Ukisimama tutakuwa wawili ndani, na mimi sitatoka," akamwambia. Parmuat alilia, na mwisho akaenda Namanga kufanya kazi ya kupitishia watu malori mpakani. Alimpigia simu kila Jumapili, na hajaacha hadi leo. Gakuru alisafiri mwezi wa nane mwaka ule ule. Hakupiga.

Mbithe alimuuliza bintiye mara moja tu. "Mlikuwa wangapi?"

"Nilikuwa peke yangu, Mwaitu," akamjibu, akimwita mama kwa Kikamba.

Mama akaamini. Wateja wake walianza kumwita Mama Bomu, kwanza kwa mzaha. Kanisani alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama; hakuondolewa, ila Jumapili moja alikuta mwingine ameshasimama mbele. Alirudi kwenye benchi la nyuma na huko akabaki. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni alipiga magoti kando ya kitanda, na Mutheu, aliyelala nyuma ya pazia, alisikia jina lake likitajwa na Mungu akiombwa amsamehe.

Ijumaa zikaendelea. Alifika kituoni saa nne, akaandika jina kwenye kitabu kikubwa, akapiga sahihi, akaondoka. Maafisa walibadilika, kitabu kikajaa, kikaletwa kingine. Mmoja alimzoea hadi akawa anamletea redio na chaja zilizoharibika. Mutheu alizitengeneza pale pale kwenye benchi la wageni.

Kazi ya pampu ilianzia hapo hapo kwenye ploti walikopanga. Kisima kilikufa, fundi akaitwa siku tatu mfululizo asije, wapangaji wakawa wanagombania mitungi. Mutheu alifungua kisanduku cha stima, akakitazama muda mrefu, akabadilisha kifaa kimoja kidogo, maji yakapanda. Baada ya hapo aliitwa ploti ya pili, kisha shamba la maua Isinya, kisha Bisil. Alijifunza kuivuta pampu kutoka mita mia mbili chini, paipu baada ya paipu, na kujua kwa sauti tu kama ni mota au ni mchanga. Wateja wa Kware, kule Rongai, walimshangaa. Barabara ya lami inapitia Nairobi, na yeye alifika amejaa vumbi la Tuala, juu ya bodaboda, na vifaa magotini. Hakuwaeleza. Tuala ni Kajiado, na Nairobi si Kajiado.

Mwaka wa 2017 kesi iliondolewa. Ilichukua dakika mbili. Kiongozi mpya wa mashtaka alisema hana mashahidi, hakimu akaandika, akamwambia Mutheu, "Unaweza kwenda." Wakili akampa mkono na kukimbilia kesi nyingine.

Ijumaa iliyofuata, saa nne, Mutheu alikuwa kituoni. Afisa wa zamu akamtazama.

"Wewe si kesi yako iliisha?"

"Iliisha."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

 Aliniambia alisimama pale kwenye kaunta huku mkono ukitafuta kalamu. Ijumaa ya pili alifika langoni, akageuka. Ya tatu alikaa nyumbani, na ilipofika saa nne akawa amesimama mlangoni amevaa viatu.

Tulidhani sasa atasoma, au atapata kazi kubwa. Aliomba kazi mara mbili kwenye kampuni za kuchimba visima, na mara mbili walimpenda. Wakamwambia alete cheti cha tabia njema. Alama zake za vidole zilipotafutwa, shtaka lilikuwa bado limeandikwa pale. Hakuomba tena. Aliendelea na pampu zake za Isinya na Bisil, na hata Nairobi alienda kwa nadra, akirudi kabla ya saa kumi kana kwamba kuna mtu atamhesabu.

Mwezi wa nane mwaka jana Gakuru alirudi kwa wiki mbili. Sasa ni mhandisi huko Poland, kwenye kampuni inayotengeneza antena za setilaiti ndogo. Shule ilimwalika aongee na wanafunzi, na mimi, ingawa nimestaafu, nikaitwa. Parmuat alipanda kutoka Namanga, akampitia Mutheu nyumbani na kumleta. Sijui alimshawishi vipi.

Gakuru alionyesha picha za kazi yake, kisha akazima mashine na kusema kwamba yote yalianzia Kisaju, na paipu za maji. "Tulikuwa watatu," akasema kwenye maikrofoni. "Mwenye akili hakuwa mimi." Wanafunzi walipiga makofi. Mutheu aliinuka akatoka.

Tulimkuta nyuma ya jikoni karibu na tangi la maji. Gakuru alisimama hatua tatu mbali naye. Alikuwa amenenepa, na nywele zimeanza kumtoka mbele.

"Mutheu."

"Karibu nyumbani."

"Nimesema tulikuwa watatu."

"Nimesikia. Umewaambia watoto."

Gakuru akasogea hatua moja. "Mbona hukuwahi kunitaja?"

"Nilikuwa nangoja uje ujitaje."

"Baba alinikataza. Alisema nikishafika huko atakutafutia wakili mzuri. Halafu nikafika huko, na kila mwaka ilikuwa ngumu kuliko ule umepita. Nilikuwa naandika meseji na nafuta."

Mutheu hakukasirika, au hakuonyesha. "Mimi sina haja ya makofi," akasema. "Kuna mtu mmoja alifaa kuambiwa hayo maneno. Yuko pale soko, anauza nguo."

"Twende," Gakuru akasema.

"Na mimi nitaenda," nikasema. "Kuna barua niliandika na sikuipeleka."

Mutheu akanigeukia. "Wewe pia nilikuwa nakungoja, Madam," akasema, kwa sauti ile ile aliyoniulizia habari za jiwe.

Mbithe alikuwa anakunja masweta. Gakuru alimsalimu, akamwambia yeye ni nani ingawa Mbithe alimjua, na akaeleza yote akiwa amesimama kati ya mifuko ya mitumba: roketi, stoo, picha za pasipoti. Parmuat akaongeza lake. Mimi nikasema langu. Mbithe alisikiliza bila kuacha kukunja.  Tulipomaliza alimtazama bintiye.

"Miaka kumi na moja nimeomba Mungu akusamehe."

"Najua, Mwaitu. Nilikuwa nasikia."

"Mbona uliniacha niombe?"

"Ningekuambia, ungeenda kwa mzee Njuguna upige kelele mpaka wamshike Gakuru."

"Ningeenda."

"Ndiyo maana."

Mbithe akaweka sweta chini. "Baba yako," akamwambia Gakuru, "kila Jumapili ananisalimia kwa mkono." Akaliinua tena lile sweta. "Sasa nenda. Leo siwezi kukuangalia. Kabla urudi huko kwenu pitia hapa, nitakuwa nimejaribu." Gakuru akaondoka na Parmuat. Nilipogeuka kuwafuata Mbithe alinivutia kigoda. "Mwalimu, keti," akasema. Nikaketi hadi soko lilipofungwa. Sikudhani nina haki ya kuinuka.

Kabla Gakuru hajasafiri, yeye, Parmuat na mimi tuliapa viapo vitatu mbele ya wakili, ili shtaka lifutwe kwenye rekodi za polisi. Alivisoma na kutuambia ukweli: havikuwa na uzito mkubwa. Kilichohitajika ni hati ya kuonyesha kesi iliondolewa, barua chache, na mtu wa kuzifuatilia. Jambo hilo lingeweza kufanywa tangu 2017. Hakuna aliyemwambia Mutheu, na yeye hakujua kwamba lipo la kuuliza. Alilisikia hilo akiwa ameketi kando yangu. 

Cheti safi cha tabia njema kilitoka mwezi wa tatu mwaka huu. Mwezi wa sita mtu anayeitwa Gitonga, mwenye kampuni ya visima, alimpa kazi ya miezi mitatu Lodwar, mbali kaskazini. Mbithe alimchagulia sokoni begi lenye magurudumu. Parmuat akamsindikiza hadi Nairobi kwenye basi.

Alirudi baada ya siku tisa. Hakufukuzwa wala hakuugua. Nilimkuta kwao akifua ovaroli.

"Kule hakuna mtu alinikataza kitu," akaniambia. "Naamka, naona barabara, naweza enda popote. Na mimi nakaa karibu na gari tu. Ijumaa ikafika, nikashikwa na baridi mchana, jua likiwa pale. Nikamwambia Gitonga nimepigiwa simu nyumbani."

"Ulipigiwa?"

"Hapana."

Sikumpa ushauri. Nimetoa mwingi maishani nikiwa mwalimu, na siku ambayo ungefaa sikuwepo. Nilichukua suruali moja nikamsaidia kuikamua.

Gakuru humwandikia siku hizi. Amemtafutia kozi za mtandaoni, na jioni moja kwa wiki wanakaa kwenye simu wakifanya hesabu pamoja, naye Mutheu humsahihisha. Alipita kwa Mbithe kabla ya kusafiri, kama alivyoambiwa. Alipewa chai na wakaongea kuhusu baridi ya huko. Mzee Njuguna hajaja. Jumapili anakaa upande mwingine wa kanisa. Mwezi wa tisa akina mama walimwomba Mbithe arudi kuongoza kwaya. Akasema koo limeshazoea nyuma.

Gitonga alipiga simu tena wiki iliyopita. Ana visima vinne huko Lodwar na hana fundi anayemwamini. Alisema hakuuliza simu ya nyumbani ilihusu nini na hatauliza. Anamtaka Januari. Mutheu alimwambia ndiyo.

Nilimuuliza kama ataweza. Tulikuwa tumesimama kwenye steji ya bodaboda, na yeye alikuwa anafunga sanduku la vifaa kwa mpira.

"Sijui, Madam," akasema. "Safari ile nilikaa siku tisa. Labda hii nitakaa kumi na tano."

Kisha akapanda, akamwambia dereva waende Isinya, ambako shule ya msingi ilikuwa haijapata maji kwa siku mbili.